Uzi maalum: Msimu wa 2023 wa ligi ya raga Australia (NRL), na dakika 18 zilizotunyima kombe Brisbane

Mto Ruzizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Jukwaa hili la michezo ni mpira wa miguu asubuhi mpaka usiku, na mimi sina ugomvi na mpira. Nimekulia kwenye vumbi la kambi ya Nyarugusu kule Kigoma nikipiga chandimu cha makaratasi. Lakini huu ni mwaka wa tisa niko Brisbane, na Jumapili moja ya Oktoba 2023 niliumizwa na mchezo ambao wengi wenu hamjawahi kuutazama hata dakika moja. Nimeona nisikae nao moyoni. Nitaandika kidogo kidogo kwa sababu kazi yangu ni ya shifti, mnivumilie.

Nilivyoujua: nafanya kazi kiwanda cha nyama, mstari wa kutoa mifupa. Ninayesimama naye bega kwa bega ni kaka mmoja Msamoa. Miezi ya mwanzo Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, na yeye si mtu wa maneno mengi. Kila Jumatatu alikuwa ananiuliza swali moja tu: umewaona Broncos (timu ya hapa Brisbane)? Nikawa najibu hapana. Mwisho nikaona aibu, nikaanza kuwatazama ili Jumatatu niwe na jibu. Ndiyo nikanasa.

Sasa mchezo wenyewe. Hii ni raga, ila si ile ya watu 15 wala ile ya watu 7 ya Shujaa wa Kenya. Hapa wanacheza 13 kila upande, dakika 80. Mwenye mpira anakimbia nao mbele, pasi hairuhusiwi kwenda mbele. Wakikuangusha unasimama, unauweka mpira chini, unauburuta nyuma kwa unyayo, mwenzako anaudaka, mnaanza tena. Mnaruhusiwa kuangushwa mara sita. Ya sita ikiwakuta bado mnao, mpira ni wa wapinzani. Kwa hiyo mkishaangushwa mara ya tano, mara nyingi mnaupiga mbali kwa mguu ili wenzenu waanzie huko nyuma kabisa, karibu na mstari wao. Hizo sita ndizo tunaita seti.

Trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani: pointi 4, na mkwaju unaofuata ni 2. Penalti ya mkwaju 2. Kuna mkwaju wa kudondosha, mpira unagusa ardhi kwanza ndiyo unaupiga kati ya nguzo, huo ni pointi 1, na tangu 2021 ukiupigia nje ya mita 40 ni pointi 2.

Nikamateni hapa, maana uzi wote utarudi hapa. Wanaozuia wanatakiwa warudi mita 10 kila mtu anapoangushwa. Fikiria mtu wa kilo 115 anakujia mbio. Unamwangusha, unaamka, unarudi mita 10, unakuja mbele kumkabili wa pili. Mara sita. Na kwa makosa fulani refa hatoi penalti, anainua mkono tu, unasikia kengele kwenye televisheni, hesabu inaanza upya. Sita nyingine. Raga ya ligi ni kugombea ardhi, na ardhi inalipwa kwa pumzi. Timu inayolazwa upande wake muda mrefu itafungwa, hata kama ina wachezaji wazuri kuliko wote duniani.

Naenda kazini. Nitarudi na msimu wenyewe.

Fundi Seremala

Nimetandika mkeka. Endelea mkuu.

Kipanga wa Ngong

Ndugu yangu, hapa Nairobi raga tunaipenda sana. Mwaka wa 2016 Shujaa walipowachapa Fiji 30-7 kule Singapore tulilia machozi. Lakini hii ya watu 13 naisikia tu. Ilitoka wapi? Kwa nini kuwe na raga mbili? Na hao wachezaji wanalipwa ama ni ridhaa?

Mto Ruzizi

Kaka Kipanga, umeuliza swali lenye historia nzuri, na jibu lake ni mshahara.

Kaskazini mwa Uingereza miaka ya 1890, raga ilichezwa na wachimba makaa, watu wa viwanda vya pamba, wapakuzi wa bandarini. Mechi ni Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza unakatwa ujira. Klabu zao zikaomba ziwafidie wachezaji ule ujira tu waliopoteza. Wakubwa wa raga walioko kusini, watu wenye nafasi zao, wakakataa kabisa. Tarehe 29 Agosti 1895, kwenye hoteli moja mjini Huddersfield, klabu za kaskazini zikajitoa na kuunda chama chao. Baadaye wakabadilisha kanuni: wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, wakaweka huo utaratibu wa kuurudisha mpira kwa unyayo. Mwaka 1908 ligi ya Sydney ikaanza, nayo kwa malalamiko hayo hayo ya fedha na matibabu ya wachezaji walioumia.

Kwa hiyo ndiyo, wanalipwa, na ni mchezo uliozaliwa na watu wa kazi za mikono. Mimi hilo linanigusa sana. Hata huo msimu wa 2023 wachezaji waligombana na ligi kuhusu mkataba wa pamoja, ikafika mahali wakagoma kuzungumza na waandishi siku za mechi. Walikubaliana Agosti.

Mto Ruzizi

Sehemu ya pili, msimu.

Mwaka 2023 timu zilikuwa 17. Raundi 27, kila timu mechi 24, na wiki tatu za mapumziko ambazo kila moja unapewa pointi 2 kama umeshinda. Nane za juu zinaingia mtoano wa Septemba. Anayeburuta mkia wenyewe wanasema amepewa mwiko, na Broncos wetu walikuwa wameupata huo mwiko mwaka 2020, mara ya kwanza katika historia ya klabu. Kombe la mwisho tulichukua 2006. Muelewe tulikotoka.

Mbabe alikuwa Penrith Panthers, timu ya magharibi ya Sydney, bingwa wa 2021 na 2022. Kocha Ivan Cleary, na anayeendesha mchezo uwanjani ni mwanawe, Nathan. Sasa angalieni walivyoanza mwaka. Februari walicheza na bingwa wa Uingereza, St Helens, nyumbani kwao Penrith. Wakafungwa 13-12 katika muda wa nyongeza, kwa mkwaju wa kudondosha wa Lewis Dodd. Wiki mbili baadaye ligi inaanza, raundi ya kwanza, uwanja ule ule, wanatukaribisha sisi Broncos. Matokeo: 13-12, tumeshinda sisi. Kapteni wetu Adam Reynolds na mguu wake ule ule wa dhahabu.

Mwezi Machi Penrith walionekana wameshikika. Msamoa wangu hakucheka wala hakushangilia. Aliniambia subiri Septemba.

Kilichopendeza sana mwanzoni ni Dolphins. Hii ni klabu ya Redcliffe, pale kaskazini mwa Brisbane pwani, ipo tangu 1947 lakini ilikuwa ligi za chini. 2023 ndiyo wakapandishwa kuwa timu ya 17. Kocha wakampata Wayne Bennett, mzee aliyewajenga Broncos wenyewe na kuwapa makombe. Kila mtu aliandika watamaliza na mwiko. Mechi yao ya kwanza tarehe 5 Machi dhidi ya Sydney Roosters, matajiri wenye majina, wakashinda 28-18. Wakashinda tatu za kwanza mfululizo. Aprili wakawa nyuma 26-0 mbele ya Gold Coast Titans, wakapindua wakashinda 28-26. Hawakuingia nane bora, walimaliza wa 13, lakini hakuna aliyewacheka tena.

Na ili mjue huu mchezo hauna huruma, chukueni hili. Mei 20, Wests Tigers waliwafunga North Queensland Cowboys 66-18 pale Leichhardt. Wiki sita baadaye, Julai 1, timu zile zile mbili zinarudiana kwa Cowboys: 74-0. Cowboys 74. Mara ya kwanza nilidhani mtu wa ubao wa matokeo amekosea. Ukirudi kwenye kile nilichosema cha ardhi na pumzi utaona inawezekana vipi: ukifungwa, wewe ndiye unayeanzisha kwa kuupiga mpira kwa mguu, kwa hiyo aliyekufunga anapewa mpira tena. Asiyepata mpira anazuia tu, anachoka, anafungwa, anazuia tena. Mlango ukibomoka haurudi. Tigers ndio waliopewa mwiko mwisho wa msimu, mwaka wa pili mfululizo.

Mchambuzi Asiyelala

Hapo kwenye kufunga halafu unapewa mpira tena nimesoma mara mbili. Kwenye mpira wa miguu aliyefungwa ndiye anaanza katikati, anapata nafasi ya kujibu. Hapa unaadhibiwa mara mbili. Sasa hizo 74 naanza kuzielewa.

Bi Mwanaidi wa Hunter

Salaam kwenu nyote. Kaka Ruzizi, shukrani kwa uzi, na mimi niko Newcastle, kaskazini ya Sydney. Mji wa makaa na bandari. Naomba na sisi tusemewe, maana ule msimu ulikuwa wa kwetu pia.

Katikati ya mwaka Newcastle Knights tulikuwa huko chini, watu wanataka kocha Adam O'Brien afukuzwe. Kuna wiki ya mwanzo wa Julai tuliwafunga Bulldogs 66-0, na kuanzia hapo mambo yakageuka. Tulishinda tisa mfululizo mpaka raundi zikaisha, tukamaliza wa tano. Kalyn Ponga alikuwa ameumia kichwa mapema kwenye msimu, watu wakisema aache kucheza kabisa. Aliporudi nafasi yake ya nyuma kabisa, yule kijana akawa kama anaona mchezo sekunde moja kabla ya wengine. Mwisho wa mwaka alipewa medali ya Dally M ya mchezaji bora kwa pointi 56, na Shaun Johnson wa Warriors 55. Pointi moja.

Mtoano wa kwanza tulicheza nyumbani na Canberra Raiders. Mimi nilikwenda na wanangu wawili. Dakika 80 zikaisha sare, wakaongeza muda, tukashinda 30-28. Nilikuwa nimemshika mwanangu mkono, baadaye akanionyesha alama za kucha zangu. Watu hawakutoka uwanjani, walikaa tu wanaimba, na mji mzima ule usiku honi za magari.

Na msisahau wanawake. Ligi ya wanawake ilipanda kufikia timu 10 mwaka ule, na fainali ilichezwa siku ile ile ya wanaume, uwanja ule ule. Mabinti wa Knights waliwafunga Titans 24-18, ubingwa wa pili mfululizo. Binti yangu alikuwa na miaka minane. Mwezi uliofuata akaniomba nimwandikishe.

Mto Ruzizi

Dada Mwanaidi, ahsante sana, hilo la wanawake lilikuwa linanipita na lilistahili kuwa juu kabisa. Hongera kwa binti.

Niendelee. Katikati ya mwaka kuna mechi tatu za Origin, Queensland dhidi ya New South Wales, kila mchezaji anachezea jimbo la asili yake, hata kama mna klabu moja mnagongana. 2023 Queensland tulishinda 2-1. Nathan Cleary aliumia msuli wa nyuma ya paja Juni, akakosa mbili za mwisho. Wengi walidhani mwaka wake umekwisha vibaya.

Mwisho wa raundi Penrith na Broncos tukalingana kabisa: kila mmoja ameshinda 18, amepoteza 6. Penrith wakakaa juu kwa tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa. Raundi ya mwisho Broncos tuliwapumzisha nyota wetu, tukafungwa na Melbourne Storm. Sikulalamika wakati ule, na hata leo silalamiki. Kwenye mchezo wa miili kama huu mapumziko ya wiki ni dawa.

Mtoano tukaanza na Storm hao hao. Miaka na miaka walikuwa wanatufunga, hata kwetu Suncorp. Tukawafunga 26-0. Halafu nusu fainali New Zealand Warriors, na hapa nasema wazi kwamba kama si Broncos ningewashangilia wao. Korona iliwafukuza nyumbani. 2020, 2021 na sehemu kubwa ya 2022 waliishi Australia, mbali na familia zao, timu nzima, wageni kila mechi. Sisi tuliokaa kambini tunajua maana ya kuambiwa utarudi mwezi ujao. 2022 walimaliza wa 15. Mwaka 2023 na kocha mpya Andrew Webster wakamaliza wa nne, wakawafunga Knights wa dada yangu hapo juu 40-10 pale Auckland. Kwetu walikwama, 42-12. Siku ile Reece Walsh, kijana aliyetoka kwao mwaka mmoja kabla, alikuwa hashikiki.

Penrith upande wao: Warriors 32-6, Storm 38-4. Jumlisha mwenyewe, mechi mbili za mtoano wamefungwa pointi 10 tu.

Fundi Seremala

Mkuu fainali, tafadhali. Nimeacha randa mezani.

Mto Ruzizi

Jumapili tarehe 1 Oktoba 2023, Sydney, watu 81,947 uwanjani.

Kwetu huku Brisbane hatubadilishi saa. Sydney wanabadilisha, na walikuwa wamesogeza saa asubuhi ile ile. Kwao ikaanza saa moja na nusu usiku, kwetu saa kumi na mbili na nusu, jua limeshazama. Huko kwenu Dar na Nairobi ilikuwa saa tano na nusu asubuhi, watu wako ibadani.

Msamoa alitualika kwake. Gereji imetolewa gari, mikeka sakafuni, televisheni juu ya friji la kugandishia, wazee kwenye viti vya plastiki nyuma, watoto mbele na jezi za maruni na dhahabu. Mke wangu alipika sambusa. Tulikuwa kama watu 30.

Mapumziko: Penrith 8, sisi 6. Mitch Kenny alianza kufunga kwa upande wao, Tom Flegler akasawazisha, Cleary akaongeza penalti. Mechi ngumu, hakuna aliyepata pa kupenya.

Kipindi cha pili kikafunguka. Ezra Mam, kijana wa miaka 20 wakati ule, alifunga trai tatu ndani ya dakika zisizofika 10. Tatu! Fainali kuu! Ya kwanza watu waliruka. Ya pili sambusa zikamwagika. Ya tatu, alivyokimbia akaiacha safu nzima nyuma, mzee mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu jioni alisimama akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa Kisamoa, na wote wakaitikia. Reynolds alipiga mikwaju yote. 24-8. Dakika ya 55 hivi. Jarome Luai wa Penrith, ambaye bega lake lilikuwa halijapona vizuri, akatolewa. Nafasi yake akaingia Jack Cogger, mtu wa benchi.

Pale kwenye gereji kila mtu alijua tumechukua. Mimi nilimpigia mdogo wangu aliyeko Toowoomba. Msamoa peke yake alikuwa hajasimama. Alikuwa amekaa chini, ameshika magoti, anaangalia saa pembeni ya kioo cha televisheni.

Dakika ya 62 Cleary akapenya, Moses Leota akamalizia. 24-14.

Dakika ya 67 Stephen Crichton. 24-20.

Halafu likaja lile pigo. Kuna sheria ya 40/20: ukiwa nyuma ya mstari wako wa mita 40, ukaupiga mpira, ukadunda ndani ya uwanja na kutoka nje ukiwa umevuka mstari wa mita 20 wa wapinzani, mpira unarudi kwenu. Ni pigo la kuhatarisha, likikosea umegawa mali. Cleary alilipiga wakati amechoka, timu yake iko nyuma, fainali inakwisha. Likatua panapotakiwa. Watu wetu walioanza kurudi kupokea mpira wakageuka wakakuta wanatakiwa kuzuia tena, karibu na mstari wao. Niliangalia mikono yao kwenye viuno. Hicho ndicho nilichowaambia mwanzo wa uzi, pumzi. Zilikuwa zimeisha.

Dakika ya 76 Cleary mwenyewe akachukua mpira, akabadilisha mguu, akapita katikati ya walinzi wetu mpaka kwenye nguzo. Mkwaju wa mbele ya nguzo hata mwanangu angeupiga. 26-24.

Gereji ilikuwa kimya, nikasikia friji linanguruma. Mtoto mmoja aliuliza kwa Kiingereza, tumeshinda? Hakuna aliyemjibu.

Penrith wakachukua la tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna klabu ilikuwa imelifanya tangu Parramatta wa 1981 hadi 1983.

Kipanga wa Ngong

Pole sana ndugu yangu. Lakini wacha nikuulize kwa heshima. Hapo mimi naona ni mtu mmoja, Cleary. Alipenyeza wa kwanza, akapiga hilo pigo, akafunga la mwisho. Mambo ya ardhi ni sawa, lakini bila huyo mtu mngeshinda. Ni kama Steven Gerrard na Liverpool kule Istanbul 2005.

Mto Ruzizi

Kaka, siwezi kumnyima haki yake. Alipewa medali ya Clive Churchill ya mchezaji bora wa fainali, na mimi adui yake ningempa hiyo hiyo.

Ila nakataa kwamba ni mtu mmoja. Nimeirudia ile mechi mara nne, mke wangu ameninunia. Hizo dakika 18 za mwisho, karibu mpira wote unachezewa upande wetu. Ili Cleary apenye, watu kama Leota na James Fisher-Harris walikuwa wamekwisha kupigana vichwa vyao dakika 60 nzima na vifua vya kina Payne Haas. Tulifunga trai tatu za haraka kwa mbio, kutoka mbali, na zile za mbio zinadanganya. Ubao ulisema tumewashinda, ila ardhi ilikuwa bado haijasema. Wao walifunga pointi 18 kwa dakika 18 kwa sababu hatukuweza kumaliza seti zetu na kuwarudisha nyuma wapumue vumbi la upande wao.

Na hapo ndipo namuheshimu Ivan Cleary zaidi ya mwanawe. Ligi ina kikomo cha mishahara, klabu hairuhusiwi kulipa zaidi ya kiwango, kwa hiyo bingwa kila mwaka anaibiwa wachezaji. Baada ya 2022 walimpoteza Viliame Kikau na Api Koroisau. Fainali hii ilikuwa ya mwisho ya Crichton na Spencer Leniu, wote walishasaini kwingine. Wanapandisha vijana wao kutoka mitaa ya magharibi ya Sydney, na kijana anaingia anajua tayari la kufanya kwenye mara ya tano. Sisi tulikuwa na vipaji vingi kuliko wao. Wao walikuwa na mazoea.

Mchambuzi Asiyelala

Hilo la vipaji na mazoea nimeliandika pembeni. Je, baada ya fainali yule jamaa wa kazini alikwambia nini?

Mto Ruzizi

Jumatatu ilikuwa sikukuu huku Queensland, siku ya kuzaliwa ya Mfalme, hatukwenda kazini. Jumanne tumesimama kwenye mstari, kwa muda wa saa mbili nzima hakusema. Halafu akasema tu: tuliacha kurudi mita 10. Akaendelea kukata.

Fundi Seremala

Nafukua huu uzi, ni Oktoba 2025. Nimeona mahali Brisbane Broncos mabingwa. Nikamkumbuka ndugu yetu Mto Ruzizi. Mkuu upo?

Mto Ruzizi

Nipo Fundi wangu, nipo! Umenitoa machozi kwa kukumbuka.

Kwanza niwape mlichokosa. 2024 Penrith walichukua la nne mfululizo, wakawafunga Storm 14-6. Sisi tuliporomoka mpaka nafasi ya 12, kocha Kevin Walters akaondoka, akaja Michael Maguire, mtu wa mazoezi ya kuumiza. Mwanzo wa mwaka huu watu walisema anawaua vijana. Mimi nilikaa kimya.

Mechi ya kwanza ya mtoano tulikuwa kwenye kaburi mbele ya Canberra, tukatoka na 29-28 katika pointi ya dhahabu, yaani muda wa nyongeza. Nusu fainali pale Suncorp, nani tena, Penrith. Mapumziko wanaongoza 14-0. Nilitaka kuondoka kwenye kiti. Mwisho wa mechi: 16-14. Kwetu.

Fainali Oktoba 5 na Melbourne Storm. Mapumziko tuko nyuma 22-12. Gereji ni ile ile, mikeka ile ile, yule mzee wa kuimba alifariki mwaka jana na kiti chake walikiacha wazi. Kipindi cha pili Reece Walsh alicheza kama mtu aliyekuwa na deni, medali ya mchezaji bora wakampa yeye. 26-22. Miaka 19 tangu 2006.

Lakini mimi sikutazama trai zetu. Safari hii nilikaa chini karibu na Msamoa, nikawa nahesabu naye. Kila mtu wetu alipoangusha, anaamka, anarudi mita 10. Anaangusha, anaamka, anarudi. Dakika ya 60, ya 70, ya 78. Penrith kipindi cha pili hawakupata kitu kwetu. Storm kipindi cha pili hawakupata kitu kwetu.

Jumatatu sikukuu tena. Jumanne saa kumi na moja alfajiri tuko chumba cha kubadilishia nguo, watu wanavaa mabuti. Hajasema neno. Akaniangalia, akakunja kidole gumba na cha shahada vikafanya duara. Sifuri. Nikamfanyia na mimi. Tukavaa glavu, king'ora kikalia, tukaingia kazini.